Makofi Mawili Kwenye Bati

Watu wa rika langu wakisikia harufu ya klachi inayoungua huziba pua na kulilaani lori lililo mbele. Mimi hutafuta mahali pa kuketi. Nimewahi kuketi kwenye ngazi za duka la watu, nikaketi kwenye gunia la viazi la mama mmoja wa sokoni ambaye hakufurahi hata kidogo, na mara moja, mtu mzima na mkoba wangu mkononi, niliketi kwenye nyasi kando ya barabara ya Gatura huku wanangu wakiniuliza kama ni presha. Nikawaambia ni presha. Presha haina maelezo marefu.

Harufu ile ni ya kazi ya baba yangu. Hakuwa dereva, wala hakuwa kondakta. Baba alikuwa mtu wa gogo, na kwa kuwa kazi hiyo ilikufa zamani, heri nieleze. Mabasi ya siku zile yalitoka Thika yakapanda kuelekea Gatanga na Gatura, hadi kule juu karibu na msitu wa Nyandarua, ambako kila ukimaliza mlima mmoja unakuta mwingine unakusubiri. Barabara ilikuwa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha uligeuka sabuni. Basi likiwa limejaa watu na ndizi na kuku, breki ya mkono haikuweza kulishikilia mlimani. Likiishiwa nguvu, baba aliruka kutoka ngazi ya nyuma akiwa na gogo begani, gogo la mutamaiyo, mti mgumu usiopasuka, akalisukuma nyuma ya gurudumu ili basi lisirudi bondeni. Kisha alijaza mawe na matawi mbele ya gurudumu lipate pa kushika. Akimaliza na kujitoa kando, alipiga ubavu wa basi kwa kiganja, makofi mawili kwenye bati. Hapo ndipo dereva alipoondoa mguu kwenye breki. Kabla ya hapo hakuthubutu, hata abiria wangemtukania mama.

"Dereva hana macho ya nyuma," baba alituambia tukila ugali. "Macho yake ya nyuma ni mimi."

Dereva mwenyewe alikuwa Baba Nyokabi, jirani yetu. Tuliishi vyumba vya kupanga upande ule ambao sasa unaitwa Kamenu, nyumba za udongo zilizoezekwa kwa madebe yaliyopondwa, mlango wetu ukitazamana na wao. Sisi tulikuwa Wamaragoli, baba alikuja Thika kukata mkonge, mkonge ukamchoma vya kutosha, akaomba kazi kwenye basi. Wao walikuwa Wakikuyu wa huko huko juu basi lilikokwenda. Mama yangu na Mama Nyokabi waliongea Kiswahili ambacho kila mmoja alikivunja kwa upande wake, na walielewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua waliosoma.

Zilikuwa siku za Emajensi, serikali ya Waingereza ikimshuku kila Mkikuyu kuwa Mau Mau. Mama Nyokabi hangeweza kufika hata Ruiru bila karatasi ya ruhusa, na karatasi ilitoka kwa mtu ambaye hakupenda kuitoa. Basi mama ndiye aliyemwendea sokoni. Alirudi na vikapu viwili, akakitua cha jirani kwanza. Mama Nyokabi naye alimbeba mdogo wangu mgongoni kutwa nzima mama akiwa kibaruani. Sikumbuki wakishukuriana. Sikumbuki hata mlango mmoja ukifungwa mchana.

Mimi na Nyokabi tulikuwa na ugomvi mmoja tu, nao ulikuwa wa kila siku: kati ya baba zetu nani mwenye basi. Hakuna aliyekuwa mwenye basi. Basi lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini ambaye hatukuwahi kumwona akilipanda. Lakini Nyokabi alisema wake ndiye anayeendesha, nami nikasema wangu ndiye anayezuia lisiwaue. Siku moja tulimpelekea kesi Baba Nyokabi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kukiwa na jua kali, na alikuwa na tabia ya kufikiri kabla ya kumjibu mtoto.

"Mimi nikikosa, tunachelewa kufika," alisema. "Huyu akikosa, tunakufa. Haya, semeni nyinyi nani mukubwa."

Nilitembea kama chifu wiki nzima. Mchezo wetu ukawa huo. Nyokabi aliketi juu ya debe akashika sufuria kama usukani, mimi nikahangaika na kipande cha kuni nyuma yake, kisha nikapiga ukuta wa bati wa jikoni, pa, pa, naye akanguruma na kuondoka. Tulipiga ukuta ule mpaka mama akatishia kutupiga sisi. Nilijua kupiga sawasawa na baba, kiganja kikiwa wazi, la pili likifuata la kwanza bila kuchelewa. Nilijivunia hilo kuliko hesabu za shule.

Shule ilipofungwa nilianza kumsumbua baba anipeleke nikaone anavyolishika basi. Nilimsumbua asubuhi akifunga viatu, nikamsumbua jioni akinawa miguu. Mama alikuwa hataki kabisa. Alisema kule juu kuna baridi na askari, na kwamba basi si bembea. Siku ya nne baba alicheka akasema twende. Mama akanifunga shuka kifuani, akanipa ndizi za kuchemsha ndani ya kitambaa. "Mtoto akililia wembe, mpe," alisema, jinsi wazazi wanavyosema kila siku bila kumaanisha wembe wowote. Nyokabi alilia kwa kuachwa. Baba yake hangeweza kumchukua. Mkikuyu hakumpeleka mtoto wake juu kutembea siku zile, kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Nilimwambia nitamletea maua ya mlimani. Kwa kweli nilifurahi kwamba analia.

Nakumbuka kizuizi cha barabarani, watu wazima wakiteremshwa na kuchuchumaa kwa mstari, karatasi zao mikononi, na askari mmoja akinifinya shavu akaniuliza kama ninakwenda kuwa dereva. Nakumbuka ukungu, na mashamba yaliyolala kwenye miteremko mikali hivi kwamba nilijiuliza mahindi yanasimama vipi. Harufu ya kondoo walioloa ilikuwa kila mahali. Baba aliruka, akakimbia, akapiga bati, akaning'inia tena kwenye ngazi basi likiwa linatembea, na kila mara alichungulia dirisha langu la nyuma akanionyesha meno. Alikuwa na tope hadi kiunoni. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna hiyo kazini, nami nimefanya kazi na watu wengi.

Mvua ilianza tukiwa juu ya Gatura. Kwenye mlima mmoja mrefu basi liligoma katikati, magurudumu yakazunguka bure, na moshi wa klachi ukajaa ndani. Kondakta aliwateremsha abiria wapande kwa miguu ili basi liwe jepesi, kama ilivyokuwa desturi, naye akatangulia nao akimbebea mama mmoja mzigo. Mimi nilitaka kushuka.

"Kaa hapo," baba aliniambia kupitia dirishani. "Tope litakumeza. Kaa, utaniona vizuri."

Nikabaki peke yangu kwenye kiti cha nyuma, na kule mbele alibaki Baba Nyokabi na mguu wake kwenye breki. Niliinamisha kichwa nje. Baba aliweka gogo. Alijaza mawe, akaenda kukata matawi, akarudi, akayasokomeza kwa mguu. Kisha akasimama wima, akapangusa mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma.

Hapo ndipo mahali penyewe. Nyumbani baba alipangusa mikono hivyo jambo likiisha. Akimaliza kupasua kuni alipangusa hivyo. Akimaliza kutengeneza mlango, hivyo hivyo, halafu anaita chai. Nami nikamwona amepangusa, nikaona amemaliza, nikaona amesahau kupiga. Nilifikiri nimsaidie. Nilitoa mkono dirishani nikapiga ubavu wa basi, pa, pa, vizuri kabisa, la pili likifuata la kwanza bila kuchelewa.

Baba alikuwa ameinama tena. Gogo lilikuwa limekaa upande, na alikuwa analinyoosha.

Basi lilirudi nyuma kabla ya kushika. Halikurudi sana, labda hatua mbili za mtu mzima. Nilichokisikia sitakiandika. Baba Nyokabi alishika breki, basi likaegemea ukingo likasimama, naye akaruka chini, akaita jina la baba, akaita tena. Halafu alipanda ndani kuja kwangu. Sijui alikuwa ameona kwenye kioo au aliuona tu mkono wangu, ambao bado ulikuwa nje ya dirisha, kiganja wazi. Nilimwambia, "Nimegonga."

Alinishika mabega. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Wewe hukugonga kitu," alisema. "Unasikia, Kageha? Hakuna kitu umegonga. Ni mimi sikungoja."

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Mtu mzima akikuambia jambo ukiwa na miaka minane, anakupa habari. Sikuelewa kwamba ananiomba ninyamaze; nilielewa kwamba ananieleza yaliyotokea. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, basi yeye ndiye aliyejua. Kama anasema sikugonga, basi niliota tu, au mkono wangu ulifanya kama unagonga bila kugonga. Moyo wangu ulitulia. Naona haya kusema hivyo, lakini nikiwa bado ndani ya basi lile, baba akiwa nje kwenye tope na watu wakishuka mlima mbio, moyo wangu ulitulia.

Baba alifika hospitali ya Thika akiwa hai, na mchana wa siku ya pili hakuwa hai tena. Tulimzika Thika. Mmaragoli huzikwa kwao, penye mifupa ya watu wake, lakini kwao kulikuwa mbali na sisi hatukuwa na njia ya kumfikisha, na hilo nalo mama aliliweka juu ya deni la Baba Nyokabi. Maana mbele ya polisi alisema vile vile alivyoniambia mimi. Mzungu aliyemhoji alimuuliza kama alisikia ishara. Alisema hakusikia ishara yoyote, kwamba aliona mvua inazidi akaamua kuondoka. Mama alikuwapo siku ya hukumu akayasikia yakitafsiriwa. Dereva wa miaka mingi, Mkikuyu, katika siku zile, aliyekiri kumuua mwenzake kwa haraka zake. Hawakumwonea huruma. Alifungwa, na alipotoka leseni haikumrudia.

Mwenye nyumba hakutaka familia ya mfungwa. Siku waliyohama, Mama Nyokabi alivuka ule ua mdogo, akapiga magoti mlangoni mwetu kwenye vumbi, mwanamke aliyekuwa na mimba.

"Mama Kageha," alisema, "hata kama hutanijibu. Mimi naomba musamaha kwa ile kitu mume wangu alifanya."

Mama alimtazama. Kisha akafunga mlango. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mama, na kupitia ufa niliona magoti yake yakiwa bado pale chini kwa muda mrefu. Nyokabi alikuwa amesimama nyuma yake ameshika debe letu la kuchezea. Walikwenda Ruiru, kwenye shamba moja la kahawa, wakawa wachumaji.

Siwezi kusema ni siku gani nilijua. Haikuwa siku moja. Ilikuja kidogo kidogo, kama jino linavyoanza kuuma, unalitafunia upande mwingine ukidhani litaacha. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa siwezi kupiga mlango kwa kiganja, nilitumia kidole. Nikiwa na kumi na mbili nilikuwa najua kabisa. Wazee husema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa mtoto wa kwanza, tukalelewa nyumba moja, tukala sahani moja.

Na hapa nifike kwenye lile ambalo hasa nilitaka kusema, kwa sababu la mlimani watu wote wenye huruma watanisamehe. Nilikuwa darasa la saba. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, na mama alikuwa ndani akibadili nguo. Baba Nyokabi alisimama kwenye uzio. Alikuwa amekonda na kofia ilikuwa ile ile. Alikuwa na kiondo, kikapu kilichojaa mizizi ya nduma. Mama alimwona dirishani.

"Nenda umwambie hapa hakuna mtu," alisema.

Nilitembea hadi kwenye uzio. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa jembe, na udongo umeingia kwenye nyufa.

"Mulembe, Kageha," alisema. Salamu ya kwetu, aliyofundishwa na baba. "Umekuwa mukubwa. Unasoma?"

"Nasoma."

"Soma."

Alinitazama tu, bila ukali, na muda ukapita ambao ulimtosha mtu kusema sentensi moja. Kwa miaka mingi nimejaribu kuamini kwamba alikuwa amechoka, anapumzika. Hapana. Alikuwa ananiachia nafasi. Mama alikuwa hatua kumi nyuma yangu, dirisha wazi, anasikia. Ningesema tu, "Ni mimi niliyegonga," na mama angeisikia.

"Mama amesema hapa hakuna mtu," nilisema.

"Sawa. Muambie nimepita tu kusalimia."

Aliweka kiondo chini akaondoka kuelekea barabara ya Ruiru kwa miguu. Mama aliwapa mbuzi wa jirani zile nduma. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipomtaja, alimwita yule muuaji, wala sikumkatiza hata mara moja. Alikufa akiwa na chuki ile safi, ambayo mimi ndiye niliyempa.

Tangazo la kifo cha Baba Nyokabi nililisikia redioni nikichambua mchele. Nilikwenda. Walimzika kwenye kiplot chao, kipande kidogo cha ardhi upande wa Mwihoko, nami nikaketi mstari wa nyuma kabisa chini ya turubai. Walisoma maisha yake. Walisema alikuwa mkulima wa kahawa wa kuajiriwa, mcha Mungu, mtu wa maneno machache. Hawakutaja basi hata kwa neno moja, kana kwamba ile miaka yote ya milimani ilikuwa aibu ya familia, na ilikuwa. Mhubiri alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Nilisema jina langu na la baba yangu. Nilisema kwamba marehemu hakumuua mtu, kwamba alingoja ishara kama alivyongoja siku zote, na ishara aliipata, kutoka kwangu. Ilichukua dakika moja hivi. Nilikuwa nimeibeba miaka arobaini, na ilikuwa kitu cha dakika moja.

Baada ya maziko kijana mmoja alikuja kuniita. Mama Nyokabi alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, blanketi mapajani, amekuwa mdogo kama mtoto. Nyokabi alisimama nyuma ya kiti akiwa na mvi zake. Hakuniangalia. Nilipiga magoti bila kuambiwa.

"Ile kitu umesema pale," mama yule alianza, "sisi tulijua."

Niliinua uso kumtazama.

"Alituambia akitoka jela. Sisi wote, mimi na watoto. Akasema tusikuulize, tusikufuate, hata mama yako tusimuambie. Akasema wewe ulikuwa mutoto tu, ulikuwa unasaidia baba."

Nilianza kulia. Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, mkono mgumu wa kuchuma kahawa, akauacha pale mpaka nikanyamaza.

"Na mimi nikakubali," alisema. "Mutoto ni mutoto. Nikangoja tu. Lakini Kageha, huyo mutoto si alikua?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananiuliza kweli, na alikaa akingoja nimjibu.